Mwaka wa Trela la Chanjo

Mwezi uliopita tulimzika Fundi Hhando hapa Karatu. Bwana mmoja mwenye suti ya kijivu, aliyefika kaburi likiwa limeshachimbwa, alisimama mbele ya jeneza akasema marehemu ndiye aliyeuleta umeme wa jua kwenye nyanda hizi, kwamba aliwasha friji ya chanjo kwa jua wakati wengine tulidhani kazi ya jua ni kukausha mahindi. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nilikuwa safu ya tatu, kwenye kiti cha plastiki, mtandio kichwani, na hasira ilinipanda mpaka nikahisi masikio yanaziba. Jirani yangu aliniuliza kama nataka maji. Nilimwambia sitaki maji. Nilichotaka ni kusimama niseme kwamba nilikuwepo, kwamba paneli zile nilizifunga kwa mikono hii, na kwamba friji ile iliua ng'ombe wa watu na ikamvunja kijana mmoja aliyekuwa mwema kuliko sisi sote. Sikusimama. Marehemu hasemwi vibaya, ndivyo tulivyolelewa, na mimi nina miaka sitini na kitu, nina wajukuu, nina heshima yangu ya mjini. Nikarudi nyumbani na heshima yangu, na tangu siku hiyo chakula hakishuki vizuri. Basi nitaandika.

Wazazi wangu na safari yao ya kutoka Singida kuja kuchuma kahawa nitawaacha kando, hawana kosa katika habari hii. Mwaka ninaousema ulikuwa katikati ya miaka ya themanini, nami nilikuwa na miaka ishirini na miwili, kibarua pekee wa kike katika karakana ya Hhando ya kuchaji betri. Kilikuwa chumba kimoja cha mabati, ukuta mweusi mpaka usawa wa kiuno, betri zimepangwa sakafuni na majina ya wenyewe yameandikwa kwa chaki. Asidi ilikuwa imetoboa magauni yangu yote mawili, na wanaume waliokuja kufuata betri za redio zao walipenda kunitania. "Zaituni, mwanaume atakayekuoa ajiandae kupigwa shoti," walisema, nami niliwajibu kwamba atakayenioa atakuwa na akili kuwazidi wao. Saa saba mke wa Hhando alituletea makande yaliyolainishwa kwa magadi, tukala tumekaa juu ya makreti, na Hhando akafundisha huku anatafuna. Alikuwa mwalimu mzuri, hilo sitamnyima hata leo. Alinifundisha kusikiliza betri inapochemka, kuonja waya kwa ulimi pale unapoweza na kutouonja pale usipoweza. Na kulikuwa na sentensi moja aliyoirudia kila wiki, mbele ya kila mteja aliyeleta betri na uso wa msiba: "Betri haifi, ndugu yangu. Inasinzia tu. Ukijua kuiamsha, inaamka."

Matrela mawili yalikuja baada ya masika, yakivutwa na Land Rover za mradi mmoja wa mifugo ambao sitautaja jina. Yalikuwa yale ambayo Wazungu huvuta nyuma ya gari wakienda likizo. Watoto wa Karatu waliyakimbilia wakidhani ni nyumba ya sarakasi. Ndani mlikuwa na mapazia ya maua, karai dogo la kunawia, kabati lenye vikombe vya plastiki vya rangi ya waridi, na kitanda ambacho tuliking'oa tukafunga mahali pake friji ndogo ya kutumia betri. Mpango ulikuwa mzuri, nakiri. Chanjo ya sotoka, ile tauni ya ng'ombe, ilikuwa ikifia njiani kwa sababu ya joto kabla haijafika kwa wafugaji wa ndani kabisa, kwa hiyo trela lingebeba baridi yake lenyewe, jua juu ya paa, betri chini ya sakafu. Mtaalamu wa mradi aliitwa Jens, mrefu, mpole, ana michoro yake kwenye mfuko wa nailoni, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko cha wengi wetu. Hhando alipewa kazi ya kufunga, nami nikiwa mikono yake. Paa la trela ni jembamba, ukilikanyaga vibaya linabonyea, kwa hiyo nilipanda mimi niliyekuwa mwepesi. Nilitoboa kwa keke ya mkono, nikakata mipira ya tyubu ya lori kuweka chini ya kila bolti ili mvua isipenye, nikalaza paneli mbili na kuzikaza. Nilipomaliza, nikaona mshale wa kipimo unapanda bila injini, bila moshi, bila kelele, nilitaka kucheka na kulia. Nilikuwa sijawahi kuona kazi safi namna ile.

Nikiwa bado juu ya paa nilimuuliza Jens kama paneli mbili zingetosha. Alisema amepiga hesabu ya jua la Karatu, na hapa tuko karibu na ikweta, jua ni bure. Nikamwambia, "Karatu sawa, lakini njia ya Piyaya tunakoipeleka chanjo inapita juu ukingoni mwa kreta, na kule mwezi wa saba unaweza kukaa wiki nzima usilione jua. Ukungu unashuka mpaka ng'ombe wanagongana." Alitabasamu akamtazama Hhando. Hhando, ambaye amezaliwa hapa na ameota moto kule juu kila mwezi wa saba tangu utoto, akasema, "Huyu binti ni wa Singida, baridi kidogo tu anaona ukungu." Wakacheka wote wawili. Mpaka leo sijui kwa nini alisema vile. Nadhani hakutaka kazi yake ionekane ina kasoro mbele ya mgeni. Tumewahi kuuza mambo makubwa zaidi kwa bei hiyohiyo.

Mtu wa nne katika kazi hii alikuwa Meliyo, mchanjaji, kijana wa Piyaya mwenyewe, umri wangu. Alikuwa amesomea mifugo kwa miaka miwili na alitembea na sindano zake kama padri na vyombo vya misa. Shida yake haikuwa umeme. Mradi ulitaka kila ng'ombe aliyechanjwa atobolewe tundu sikioni ili ajulikane, na kwa Wamasai sikio la ng'ombe ndiyo hati yake. Mkato wa sikio unasema huyu ni wa nani, wa ukoo upi. Wazee walikuwa wamegoma. Walisema serikali inataka kuandika jina lake kwenye ng'ombe wao. Kwa hiyo Meliyo alitangulia kwa miguu na kwa kudandia malori, wiki mbili kabla yetu, akabembeleze boma moja baada ya jingine. Alipokuwa anaondoka alinikuta nasugua makopo ya maji ya betri. "Dada Zaituni," aliniambia, "nimemwomba baba ng'ombe wake wawe wa kwanza. Wakimwona yeye ametoboa, na wengine watatoboa. Sasa nyinyi leteni dawa ikiwa hai." Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu.

Tulipofika ukingoni mwa kreta klachi ya Land Rover iliisha. Trela la pili lilikuwa limeelekea upande mwingine, tukabaki peke yetu kando ya barabara, mimi, Hhando na dereva, na Jens akadandia gari la watalii kurudi Arusha kutafuta klachi nyingine. Miaka ile kitu kama klachi hukinunui, unakitafuta. Alikaa siku sita. Siku ya kwanza jua lilichungulia saa nane likapotea. Baada ya hapo tulikaa ndani ya maziwa. Ukungu ulidondoka kutoka kwenye miti kama mvua, paneli zangu mbili zililowa na kunyamaza, na asubuhi ya tatu niliposikiliza friji nilisikia kimya. Petroli iliyobaki kwenye tangi ilikuwa ya kutufikisha Piyaya, hatukuweza kuwasha injini kuchaji. Hilo nalielewa. Ninachoshindwa kulielewa mpaka leo ni jiko. Nje palikuwa na baridi ya kukata masikio, kwa hiyo wanaume wakaliingiza jiko la mafuta ya taa ndani ya trela, wakafunga madirisha na mapazia yale ya maua, tukapikia humohumo, tukaotea humohumo, kutwa nzima, tukinywa chai ya rangi isiyo na sukari kwenye vikombe vya rangi ya waridi. Kipimajoto cha ndani ya friji nilikisoma kila asubuhi. Kilitoka nyuzi nne kikaenda tisa, kikaenda kumi na tano, kikafika ishirini na tatu.

Niliwaambia. Nataka ieleweke kwamba niliwaambia. Nilisema, "Fundi, nje ni baridi kuliko friji. Tutie chupa kwenye ndoo, tuifunike, tuitundike nje mpaka Jens arudi." Hata mtu asiyejua kusoma angelifikiria hilo. Hhando akasema chanjo ni mali ya mradi, imefungwa kwa lakiri ya Jens, na yeye hana ruhusa ya kuvunja lakiri ya mtu. "Basi tutoe jiko," nikasema. Dereva akaniuliza kama nataka wafe kwa baridi ili dawa ya ng'ombe ipone. Wakaendelea kupuliza chai. Nikawaona wanaume wawili wazima wanaota moto pembeni ya sanduku la baridi, wakingoja ruhusa ya kufanya jambo la akili, na nikakaa nao. Mimi pia niliota moto ule. Nisijifanye malaika.

Jens alirudi siku ya sita na klachi na debe la petroli. Hhando aliwasha injini kabla hata hajapewa mkono, akaunganisha nyaya kutoka kwenye dinamo ya gari, na ilipofika jioni friji ilikuwa inanguruma na kipimajoto kimerudi nyuzi nne. Nilikuwa nje naosha sufuria. Ukuta wa trela ni mwembamba kama kopo la biskuti, na nilisikia kila neno.

"Friji ilizima?" Jens aliuliza.

"Ilisinzia kidogo," Hhando akasema. "Sasa imeamka."

"Kwa muda gani?"

"Kidogo tu, Bwana Jens. Tazama mwenyewe. Nne."

Nilingoja aulize tena. Mtu aliyesoma kama yeye alijua kuuliza tena. Akasema, "Vizuri. Nne ni nzuri." Nikamsikia anafunga mlango wa friji taratibu.

Nilimfuata Hhando kwenye gari. Nilimwambia kwamba karatasi iliyobandikwa kwenye boksi, kwa Kiingereza nilichokisoma neno kwa neno, ilisema dawa ikipata joto isitumike hata ikipozwa tena. Alinitazama kwa huruma, na hapo ndipo nilipoelewa kitu kilichonitisha kuliko uongo. Aliamini. Alikuwa ametumia miaka yote akiamsha vitu vilivyozimika, na kichwani mwake kila kitu kinachokaa ndani ya boksi ni betri. "Baridi imerudi, binti," alisema. "Kilichopotea ni nini? Ulipokuja kwangu ulililia betri ya kwanza iliyokufa mikononi mwako, nikakuonyesha haikufa. Sasa unataka kunifundisha?" Kisha akashusha sauti. "Na usimtie Meliyo hofu. Ana kazi kubwa kule."

Pale Piyaya kulikuwa na jua la kutosha kuchaji mji mzima. Ng'ombe walikuwa mamia, vumbi limesimama, wanawake wamejipanga nyuma ya boma na shanga zao, na Meliyo yuko mbele amevaa koti jeupe juu ya lubega, anacheka na kila mtu. Baba yake alikuwa mzee mfupi, mkavu, fimbo mabegani. Alimvuta ng'ombe wake wa kwanza kwa pembe, dume jekundu alilolipenda, akamshika sikio yeye mwenyewe wakati mwanawe anatoboa. Mimi ndiye niliyekuwa natoa chupa kwenye friji na kumkabidhi Meliyo. Kila chupa ilipita mkononi mwangu. Ilikuwa baridi, inapendeza kuishika. Meliyo aliniuliza mara moja tu, kama mtu anavyouliza salamu: "Safari ilikuwa salama?" Hhando alikuwa hatua tatu nyuma yangu, Jens anapiga picha, wazee wanatazama. Nikasema, "Salama." Nikampa chupa nyingine.

Sotoka ilikuja mwanzoni mwa mvua za vuli. Habari zilifika Karatu kwa madereva kwanza, halafu kwa harufu, kwa sababu lori la ngozi lilipita mjini siku mbili mfululizo. Ng'ombe wenye tundu sikioni walikufa sawasawa na wasio na tundu. Katika boma la baba yake Meliyo walikufa zaidi, kwa kuwa yeye, akiamini ng'ombe wake wamekingwa, hakuwahamisha kama majirani. Wazee walisema tundu ndilo lililoingiza ugonjwa. Nani angewabishia? Mradi ulituma ofisa mmoja kutuhoji, akakaa karakanani kwetu juu ya kreti, akanywa chai yetu. Alimuuliza Hhando, Hhando akasema friji ilifika ikiwa nzima. Akanigeukia. "Wewe ndiye ulikuwa unasoma kipimajoto. Siku ya chanjo kilisema ngapi?" Nikajibu, "Nyuzi nne." Haukuwa uongo. Ofisa akaandika, akafunga kalamu, na kwa kuwa friji ilikuwa nzima na sisi tulikuwa wazima, lawama ikabaki kwa mtu aliyeshika sindano. Walisema Meliyo aliacha chupa juani wakati akipiga soga na ndugu zake. Akafukuzwa kazi kwa barua ya mistari minne.

Nilivumilia wiki tatu. Siku moja Hhando alinialika kwake, mkewe akapika ugali wa mtama na mlenda na kuku mzima, chakula cha sikukuu, na nilipouona ule mguu wa kuku sahanini mwangu nikajua nanunuliwa. Nikamwambia mbele ya mkewe kwamba Meliyo amebeba mzigo wetu. Alikula tonge mbili kabla ya kunijibu. "Mimi nina watoto watano na karakana. Yeye ana ukoo mzima nyuma yake, watamlisha. Na nani alikutoa kwenye kahawa akakupa ufundi, mimi au Meliyo?" Mkewe akasema polepole, "Baba, mtoto anasema kweli." Hhando akamwambia alete maji ya kunawa. Niliacha mguu wa kuku pale pale, na kesho yake sikwenda kazini. Nilipanda lori la mahindi mpaka njia panda, nikabadilisha, nikatembea, na siku ya tatu nikafika Piyaya nikiwa na midomo iliyopasuka.

Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya boma. Ng'ombe waliobaki ungeweza kuwahesabu bila kusimama. "Takwenya," aliniambia. "Iko," nikaitikia, nikainamisha kichwa akanigusa utosini kama mtoto wake, jambo ambalo lilinifanya nishindwe kuanza. Kisha nikasema yote. Ukungu, jiko, nyuzi ishirini na tatu, karatasi ya kwenye boksi. Alisikiliza akichora chini kwa fimbo.

"Dawa ilikuwa nakufa kabla ya kufika hapa," alisema mwishoni.

"Ndiyo, mzee."

"Na Meliyo?"

"Hakujua. Sisi ndio tulijua."

"Mimi nimemfukuza," akasema. "Nimemwambia asione uso wangu mpaka nife. Yeye alisema, baba, sikuacha dawa juani. Mimi sikusikia." Akafuta kile alichokuwa amechora. "Ng'ombe mimi nitapata wengine. Wewe nenda, niletee mtoto yangu."

Nilimpata Arusha baada ya siku nne za kuuliza geti kwa geti, kwa sababu kijana wa Kimasai asiye na ng'ombe mjini hupewa rungu na koti alinde mali ya watu. Alikuwa mlinzi wa ghala la saruji. Alikuwa amekonda. Nilimweleza kila kitu tumesimama, magunia yakipita katikati yetu, nikamaliza kwa ujumbe wa baba yake, nikidhani namletea zawadi. Meliyo hakupandisha sauti. Aliniuliza, "Ile asubuhi nilikuuliza kama safari ilikuwa salama. Ulikuwa unajua?" Nikasema nilijua. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayethibitisha hesabu. "Na baba sasa ananiamini."

"Anakuita, Meliyo. Anasema ng'ombe si kitu."

"Ananiamini kwa sababu wewe umesema," alinijibu. "Nilipomwambia mimi, mwanawe, hakuamini. Rudi ukamwambie hivi: akitaka mtoto ambaye lazima mtu atoke Karatu kuja kumshuhudia, atafute mwingine. Nenda mwambie kwa maneno hayohayo, dada. Usiyapunguze." Kisha akaenda kufungua geti, lori lilikuwa linapiga honi.

Nimekuwa nikimkasirikia Hhando miaka yote hii, na sitaacha kwa kuwa amefukiwa. Namkasirikia Jens kwa swali ambalo hakuliuliza mara ya pili, na yule bwana wa suti ya kijivu kwa kusifia asichokijua. Lakini ile siku pale Arusha nilipewa ujumbe wa kupeleka, na nilikuwa nimeshaonja uchungu wa kunyamaza, sikuwa na kisingizio cha ujinga. Nilipanda gari. Lilipofika Karatu nilishuka. Nilijiambia nitapumzika siku mbili, halafu nikajiambia barabara ni mbaya, halafu kwamba maneno kama yale hayapelekwi kwa mzee aliyefilisika. Nikaazima chaja, nikafungua kibanda changu mwenyewe. Nilikuja kusikia kwa wachuuzi wa mifugo kwamba yule mzee aliishi miaka minne zaidi, na kwamba kila gari lililotimua vumbi upande wa Karatu alinyanyuka kwenye kigoda kulitazama.